Kabati la Vinyonga

Fundi alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni vioo, vile vya kujitazamia. Kila kitu kilichotoka karakanani kwake, kiwe kimeagizwa hivyo au hakikuagizwa hivyo, kilitoka na kioo mahali fulani. Kabati la nguo lenye kioo, hilo mtu analielewa. Lakini fundi alitia kioo kwenye ubao wa kichwani mwa kitanda, akatia kwenye rafu ya viatu, akatia kwenye mlango wa choo upande wa ndani. Mara moja alitia kioo kidogo chini ya kigoda, na mteja alipouliza ni nani atakayejitazama huko, alijibu kwamba siku kigoda kikipinduliwa kisije kikaona aibu. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Fundi Vioo, na jina lake la kuzaliwa likabaki kinywani mwa mama yake peke yake.

Kilichomharibu kabisa ni kuku. Mtu mmoja alimpa kazi ya banda, naye akalitengeneza vizuri, halafu akatia kioo humo. Mwenye banda alikuwa na kuku mmoja tu, mpweke, aliyekuwa akilia kutwa kucha. Yule kuku alipojiona akadhani amepata mwenzake. Akanyamaza, akajilaza kando ya kioo kama mtu na dada yake. Tangu siku hiyo fundi haambiliki. Ukimgusia tu habari ya vioo vyake anakukata kauli: "Muulize kuku."

Nyumbani alikaa na mkewe, mtoto wao, na shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeshona mapazia sebuleni. Shemeji huyu maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Mteja akija, alipima, aliitikia kwa kichwa, alikata kitambaa. Fundi kwa utani wake akampa jina la Redio. Kila asubuhi, akiwa anakwenda kazini, alisimama mbele ya cherehani, akazungusha vidole hewani kama mtu anayetafuta stesheni, akauliza: "Leo Redio ina habari gani?" Redio alitabasamu akainamia mshono wake. Fundi alimgeukia mkewe akamwambia betri zimekwisha, akaenda zake akicheka peke yake. Alikuwa hachoki na mzaha huo. Na kusema kweli hata Redio hakuuchoka, ila hilo nalo hakuwahi kulisema.

Mtoto wao naye walimpa cheo. Walimwita Mkaguzi, kwa sababu kila kitu kilichopita karibu yake, kiwe kijiko, kiwe kandambili, alikikagua kwa mdomo.

Sasa, cherehani ya Redio ilikaa chini ya dirisha, na nje ya dirisha palikuwa na ua mnene wa miti uliotenganisha nyumba yao na ya jirani. Katika ua huo waliishi vinyonga wawili, dume na jike. Watu wengi wakimwona kinyonga hukimbia, au huokota jiwe. Redio hakukimbia. Kinyonga hakumwuliza swali, hakumwambia aongeze sauti, na alikwenda kama mtu anayefikiri kabla ya kila hatua. Wakazoeana hivyo hivyo, kila mmoja upande wake wa dirisha. Redio akajua kwamba dume anakaa juu, mwisho wa ua, na jike anakaa mwisho wa pili, na kwamba wakikutana ni kwa bahati mbaya. Akajua kwamba asubuhi huja upande wa jua wajipashe moto, na jua likikaza huingia majani ya ndani. Akajua kwamba hawanywi maji ya kwenye chombo, wanalamba matone yaliyoning'inia kwenye majani. Mambo haya yote aliyajua bila kumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyemwuliza.

Kisha jirani akataka ukuta. Vibarua walikuja na mapanga, na kabla Redio hajamaliza pindo la pazia moja, ua ulikuwa umelala chini. Alitoka mbio na mkasi mkononi. Akawapata vinyonga kwenye lundo la matawi, akakata tawi la huyu na tawi la yule, akarudi ndani amewabeba kama mtu aliyebeba mishumaa. Dume akapanda pazia la dirisha la mbele. Jike akapanda la dirisha la pembeni. Dada yake alipoingia akawaona, alivuta pumzi ndefu, akasema si kitu, ni kwa siku chache, na kwamba yeye haogopi ila asiwaone.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya mama wa saluni. Mama huyu alikuja kuchukua mapazia yake ya kijani. Akalitwaa moja, akalikumbatia kifuani aone kama rangi inamkubali, akakuta jicho moja linamtazama yeye na jicho la pili linatazama mlango. Mlango ndio alioupenda zaidi. Aliondoka bila mapazia na kwa kiatu kimoja, na kiatu cha pili Mkaguzi alishakikagua kabla hakijarudishwa kwa mwenyewe.

Jioni ile dada mtu alimwita mdogo wake jikoni. Alimpenda, na ndiyo maana alizungumza naye huku akikatakata mboga, asimtazame usoni.

"Sikiliza, mdogo wangu. Nimevumilia. Lakini Mkaguzi ameanza kuinua tumbo lake sakafuni. Siku atakayotambaa, hao wadudu wako wawe kwenye nyumba yenye mlango. Wasipokuwa nayo, watatoka wao, maana mtoto siwezi kumtoa."

Redio hakuwa na pa kuwapeleka. Nje palikuwa na ukuta wa matofali, mweupe, hauna hata jani.

Usiku huo hakulala vizuri. Asubuhi alikunjua karatasi ya kukatia mitindo ya nguo, akachora kwa kalamu ya risasi. Alichora nyumba ndefu kwenda juu, kwa sababu kinyonga hupenda kukaa juu na kukutazama wewe uliye chini. Pande zote alichora kitambaa cha wavu ili hewa ipite. Katikati alichora ukuta wa kitambaa kizito, dume huku, jike kule, wasionane. Akachora matawi, mengine manene na mengine membamba kama kidole, ya kulala na ya kusimama, na mimea ndani ya makopo. Juu alichora kopo lenye tundu dogo la kudondosha maji kwenye majani, na taa pembeni, nje ya wavu, wapate joto bila kuungua.

Fundi alipokuja kunywa chai akamsogezea karatasi ile. Fundi aliitazama, akatafuna mkate, akasema: "Nimeelewa."

Wateja wake wote waliliogopa neno hilo. Fundi akisema bado hajaelewa, utapata ulichotaka. Akisema ameelewa, basi ameshaanza kuona kitu chake mwenyewe. Redio alinyoosha kidole aonyeshe ule ukuta wa katikati, lakini fundi alikuwa ameshasimama, anapima hewa kwa mikono yake miwili.

Alilifanyia kazi kabati lile kwa moyo wote, hilo lazima lisemwe. Aliahirisha kitanda cha watu. Aliingia na vumbi la mbao kwenye nyusi, akawa anaimba. Mkewe alisema tangu wachumbiane hajamwona hivyo, na kwamba inaonekana njia ya kupendwa na mumewe ni kuwa na mkia.

Kabati lilikuja juu ya mkokoteni, limefunikwa shuka. Fundi alilisimamisha sebuleni, akawapanga watu, mkewe huku na shemeji yake kule, Mkaguzi akiwa mgongoni kwa mama yake, akavuta shuka.

Lilikuwa kabati la vyombo. Zuri, huwezi kulisema vibaya: mbao nyekundu iliyopigwa vanishi mpaka inang'aa, vishikio vya shaba, miguu mirefu ya kuchonga iliyonenepa katikati, na mbele milango miwili ya kioo cha dirisha. Ndani alikuwa ameweka matawi, yamepigwa msasa hayana hata gome. Ukuta wa katikati hakuna. Na nyuma, kutoka juu mpaka chini, kioo cha kujitazamia.

Fundi alieleza. Wavu ni kitu cha kufugia sungura, hakifai sebuleni. Ukuta wa katikati ameutoa kwa sababu yeye ni mtu wa familia, na nyumbani kwake Bwana Harusi na Bibi Harusi hawalali vyumba viwili. Ama kioo, hicho kitafanya wawili waonekane wanne, waone wamerudi kwenye ukoo wao.

"Eeh, Redio? Au betri?"

Redio alitazama kabati, akamtazama fundi na zile nyusi zenye vumbi. Anakula kwa shemeji, analala kwa shemeji, kabati hakulipia. Kalamu ya kumsahihisha angeitoa wapi? Akasema ahsante, shemeji. Fundi akapiga makofi, akasema leo imeshika mawimbi.

Wakawaingiza. Jike alishuka moja kwa moja mpaka pembe ya chini, akajibanza. Dume akapanda tawi la juu, akageuka, akajiona. Alisimama kidogo. Halafu akajitanua ubavu, koo likavimba, ukijani ukamtoka wote na mistari myeusi ikamjaa mwilini. Akaanza kuyumba mbele na nyuma, mdomo wazi. Mwishowe akakipiga kioo kwa kichwa, tap.

"Mwoneni," fundi akasema kwa furaha. "Anajipamba. Hata kinyonga, ukimpa kioo, anajitambua."

Dada mtu alicheka. Redio alijaribu kucheka.

Siku zilizofuata Redio alishona vibaya. Alipindua pindo, akakata kitambaa cha watu kifupi. Macho yalikuwa kabatini. Dume alipigana asubuhi, akapigana mchana, akachoka, akapumzika, akainua kichwa akamkuta yule mwingine naye amepumzika na sasa anainua kichwa. Akaanza tena. Redio alimletea nzi. Nzi alitua juu ya pua ya dume, akajisafisha miguu bila haraka, akaondoka salama. Alimdondoshea maji, hakulamba. Alifungua milango kidogo hewa iingie, akaweka majani mabichi. Wapi. Ubavu wa kinyonga ukaanza kuonyesha mifupa, na siku moja, jua likiwa kali, Redio alimkuta amefumba macho yote mawili. Kinyonga anayefumba macho mchana hayuko mbali na kuyafumba moja kwa moja. Na huku nyuma yake Mkaguzi alikuwa ameshainuka juu ya mikono na magoti, anajisukuma mbele na nyuma kama gari lililokwama kwenye tope.

Redio aliweka kiti mbele ya kabati akakaa. Alikaa mpaka chai yake ikapoa. Dume alifumbua macho, na hapo ndipo Redio alipoliona jambo. Macho ya kinyonga hayaendi pamoja. Moja likienda sokoni, la pili linabaki kulinda nyumba. Kule kwenye ua yalikuwa yakikutana mahali pamoja kwa jambo moja kati ya mawili: mdudu aliye karibu kuliwa, au dume mwingine aliyeingia mpaka wa watu. Sasa macho yote mawili yalikuwa yamekazwa mbele, hayapepesi, yamemkazia yule wa kwenye kioo.

Alichukua kipande cha bitana ya kijani, kile kitambaa cha kutia ndani ya pazia, akakibana kwa pini juu ya kioo, kikateremka mpaka chini. Akarudi kwenye cherehani, akajilazimisha asitazame. Alipotazama, ile mistari myeusi ilikuwa imefifia. Alipotazama tena, dume alikuwa kijani, hafifu kama jani la kivulini. Mchana ukiwa unakwisha, ulimi ukatoka, na nzi hakupata nafasi ya kujisafisha miguu.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi. Fundi akitoka, kitambaa kinapanda. Fundi akirudi, akiwa bado anapiga mluzi getini, kitambaa kinashuka na pini zinaingia mdomoni mwa Redio. Lakini mluzi ulikuja kila jioni, na kila jioni dume alirudi vitani, na asubuhi nayo fundi alipenda kunywa chai yake mbele ya kabati. Kile alichokipata kinyonga mchana, jioni kilimtoka. Mifupa ya ubavu haikuondoka.

Dada mtu hakuwa kipofu.

"Unamficha mume wangu kitu," alimwambia.

"Nakificha kioo," Redio akajibu.

"Mwambie."

"Mwambie wewe, dada."

Dada mtu alikataa katakata. Alisema yeye amekwisha kuambiwa amuulize kuku mara zisizo na idadi, na alikuwa amebaki kidogo tu aende kweli akamuulize. Vinyonga ni wa Redio, na mdomo, ingawa hautumiki, nao ni wa Redio. Kisha akaongeza, kwa upole, kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na angependa mshindo huo utokee kabla mnyama hajafa.

Siku ya mshindo ilichaguliwa na mtu mwingine. Mchana mmoja fundi alirudi bila kupiga mluzi, kwa sababu alikuwa anaongea. Alikuja na mama wa saluni. Mama huyo alikuwa amesamehe habari ya pazia, na sasa alitaka kabati la saluni, naye fundi hakuona namna bora ya kumshawishi kuliko kumwonyesha kile alichokiita kazi yake ya maisha. Waliingia sebuleni. Mama wa saluni alisimama mlangoni, viatu vyake amevishika mkononi safari hii. Fundi akaelekeza mkono kabatini, akaona bitana.

Alinyamaza. Fundi kunyamaza lilikuwa jambo geni kiasi kwamba Mkaguzi aliacha kuyumba akamtazama.

"Nani amekivisha kioo changu?" aliuliza taratibu.

Dada mtu alikumbuka ana chungu jikoni, ingawa hakuwa nacho. Mama wa saluni alitazama dari. Redio alisimama, uzi ukamwanguka. Alitamani naye angeweza kuchukua rangi ya ukuta. Lakini kabatini dume alikuwa akitembea juu ya tawi, hatua, tafakari, hatua, mkia umekunjwa vizuri, na Redio alijua kwamba asiposema sasa, mkono wa shemeji utafika kwenye zile pini.

"Mimi," akasema. "Ngoja, shemeji. Usiitoe wewe. Nitaitoa mimi, halafu umtazame. Umtazame yeye, usitazame kabati."

Akafungua mlango, akachomoa pini, bitana ikaanguka.

Fundi alitazama. Aliona koo likivimba na rangi ikikimbia. Aliona ubavu ukijitanua, na katika kujitanua kule akaihesabu mifupa. Aliona mdomo wazi, na kuyumba, na ile tap ya kichwa. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Hajipambi," Redio akasema. "Anagombana. Tangu aingie humu anagombana na mtu asiyechoka, asiyekimbia, asiyelala. Hali chakula. Atakufa, shemeji."

Fundi akatafuta pa kushikilia, akapata pale pale pa siku zote. "Mbona kuku alikipenda?"

"Kuku anataka wenzake. Huyu hataki mtu. Anataka jani lake na kimya chake."

"Kama wewe," fundi akasema, bila kufikiri.

"Kama mimi," Redio akasema.

Ndipo, kwa kuwa mlango umeshafunguka, yaliyobaki nayo yakatoka: kwamba kioo cha dirisha kinafunga joto ndani na hewa haipiti, kwamba tawi lililopigwa msasa linateleza, kinyonga anataka gome apate kushika, kwamba jike naye amejibanza kule chini kwa sababu anamwogopa mumewe, maana vinyonga hawakai chumba kimoja hata wakiwa na ndoa.

"Huyo wa kike nimeanza kumpenda," dada mtu alisema kutoka jikoni, na ikajulikana kwamba chungu hakikuwepo.

Mama wa saluni alikohoa. Alisema yeye bado anataka kabati lake, na kioo kiwe kikubwa vile vile, kwa sababu wateja wake hulipa wajione. Ila fundi asimtilie vinyonga. Kisha akavaa viatu vyake nje, vyote viwili, akaenda zake.

Fundi alichukua ile bitana sakafuni, akaipachika tena juu ya kioo, pini moja baada ya nyingine, akajichoma na ya mwisho. Akaketi kwenye kiti cha Redio, mbele ya kabati, kidole mdomoni. Alikaa pale mpaka dume akarudi kijani. Halafu akauliza ile karatasi iko wapi.

Safari hii aliisoma. Aliuliza kila mstari. Hakusema ameelewa hata mara moja, na kila aliposema bado hajaelewa, moyo wa Redio ulitulia kidogo zaidi.

Waliwarudisha vinyonga kwenye mapazia, kila mmoja lake, wakalibeba kabati mpaka uani nyuma. Fundi akaondoa kioo cha kujitazamia, akang'oa na vioo vya dirisha, na uso wake ulikuwa wa mtu anayenyoa nywele za mtoto wake. Kikabaki kiunzi. Akataka kupigilia neti kwa misumari midogo, ikachanika. Akajaribu gundi, ikawa gundi kila mahali isipokuwa kwenye neti. Redio akamwomba apishe. Alikata neti nyepesi ya mapazia, akaikunja kingo mara mbili kwa utepe mgumu, akaishona, akaivuta juu ya kiunzi kama mtu anayevisha mto. Fundi akafunga utepe ule kwa vipande vyembamba vya mbao, na ikawa imekaza hata ukiipiga kwa kidole inalia. Katikati wakaweka ukuta wa kitambaa kizito, tabaka mbili. Chini kila chumba kikapata trei ya kuvuta, na ya jike ikajazwa udongo laini, maana Redio alisema mayai hayatagwi juu ya vanishi.

Wakafika kwenye milango. Redio akashona zipu.

Fundi alisimama na bisibisi mkononi. Tangu azaliwe, alisema, hajasikia kabati lenye zipu. Je, akija mteja amwambie nini, kwamba kabati hili limevaa suruali? Redio akaivuta zipu juu, akaivuta chini, taratibu, haikutoa sauti ya kumshtua kinyonga. Fundi akajaribu mwenyewe. Juu, chini. Juu, chini. Mkewe akamwambia aache, ataiharibu kabla haijafika ndani.

Matawi waliyapata kwenye lundo la ua uliokatwa, kando ya ukuta wa jirani, bado yana magome. Kabati liliporudishwa sebuleni, dume aliwekwa upande wake, akalishika la kwanza, akalibana, akaanza kupanda, na Redio alijua kwa anavyopanda: lilikuwa tawi lake la zamani. Kopo likadondosha tone juu ya jani. Dume akasogea, akafikiri, akalamba. Upande wa pili jike alikuwa ameshafika juu kabisa, mahali ambapo tangu aje hajawahi kufika, jicho moja amelielekeza kwenye taa na lingine kwa dada mtu.

Dada mtu alisema sasa wanafanana na watu waliopanga, ila kodi hawatoi.

Hawajamaliza kufurahi, Mkaguzi akakwamuka. Alijisukuma mbele, na badala ya kurudi nyuma, mkono ukatangulia, goti likafuata. Kila mtu alisimama pale alipo. Mama yake alipeleka mkono mdomoni. Mtoto alikuwa amelenga kabati, hilo halikuwa na shaka. Alikuwa ameona jani linatikisika. Alitambaa mpaka chini yake, akainua uso. Ile miguu mirefu ya kuchonga, ambayo mkewe fundi aliicheka kwa siku kadhaa akisema kabati linataka kwenda harusini, ilikuwa imeiweka neti juu kabisa, asikoweza kufika hata akisimama. Mkaguzi alikagua mguu mmoja. Vanishi haikumpendeza. Akageuka kushoto.

Kushoto, kimeegemezwa ukutani kikisubiri kujulikana pa kwenda, kilikuwa kile kioo.

Mtoto aliacha kutambaa. Mbele yake palikuwa na mtu wa kimo chake, naye yuko juu ya mikono na magoti. Alicheka. Mwenzake akacheka. Akasogea, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa yule mwingine, akamkagua kwa muda mrefu, akaridhika. Akaketi kitako, akaanza kumhutubia kwa lugha yao.

Fundi alimtazama mkewe. Akamtazama shemeji yake. Kifua kilikuwa kinamtanuka polepole, na kama angekuwa na rangi za kubadilisha angezibadilisha zote.

"Semeni nyinyi," alisema. "Mimi sitasema kitu. Muulizeni mtoto."

Hapo hapo akaleta nyundo na misumari, akakifunga kioo kile ukutani, chini, usawa wa Mkaguzi, upande wa pili wa sebule, mahali ambapo kutoka kabatini hakionekani. Hilo alilipima mwenyewe mara mbili: alichuchumaa mbele ya neti, akaweka jicho pale kinyonga anapoweka jicho, akaangalia. Kisha akarudi nyuma, akafuta mikono, akazungusha vidole hewani.

"Haya, Redio. Una habari gani?"

Redio aliweka sindano chini. Akainamisha kichwa upande mmoja, akakiangalia kioo, akamwangalia fundi.

"Umekipinda, shemeji," akasema. "Upande wa kulia kimeshuka."

Akavuta kiti, akaendelea na pazia jipya la mama wa saluni.